Watu Wanane Walio Mbele Yangu

Kamwokya, saluni ya Safinah, kiti cha nyuma
Alhamisi mchana

Kwa Mama Rosalba, Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Jamii ya Taa Njema

Mama Mkutubi ninayekuheshimu,

KUHUSU: KATALOGI YENU YA MTANDAONI, AMBAYO LEO IMEFUNGULIWA NA MTOTO ANAYENYONYA

Nangila ametoka sasa hivi kuipiga simu yangu makofi. Alikuwa ameketi hapa miguuni pangu, mkono mmoja ndani ya bakuli la uji, mkono wa pili unatafuta kazi ya kufanya. Simu ilikuwa sakafuni ikiwa kwenye ukurasa wa maktaba yenu, kama inavyokuwa kila siku, kwa sababu mimi ni mtu wa matumaini. Akaipiga, akaitelezesha kidole, akalamba kona moja. Nilipoinyakua na kuifuta kwa leso nikaona kitu ambacho sijakiona mwezi mzima: ukurasa umefunguka wote. Rangi zote. Vitabu vimejipanga kwa safu. Hata yule bundi wenu wa kuchorwa anakonyeza jicho. Nikambusu mtoto pamoja na uji wake. Halafu nikasoma kilichoandikwa, na ndiyo maana ninakuandikia badala ya kuendelea kumbusu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu bango lililo mlangoni kwenu linasema barua za Kiswahili zinapokelewa, na kwa sababu Kiingereza changu kilibaki Bungoma pamoja na darasa la saba. Najua Kiswahili hapa Kampala kina sifa ya kuwa lugha ya wanajeshi. Siku ya kwanza nilipomsalimia askari wenu wa getini, "Habari ya asubuhi, afande," alisimama wima, akavua kofia, akaniuliza kama nimetumwa kutoka kambini. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa nywele za kusukia. Basi msiogope, barua hii haina bunduki.

Na naandika kwa kalamu kwa sababu ukurasa wenu wa malalamiko una kitufe cha "Tuma", ambacho kwenye simu yangu kilikuwa picha ya kitufe tu. Karatasi haijali kalamu yangu ni toleo gani.

Ninachotaka ni kitabu kimoja. Kinaitwa Mikono ya Mlezi, jalada la bluu, na kinafundisha kulea watoto wadogo kwenye kituo: namna ya kuwalisha, kuwalaza, kujua homa ipi ya kuikanda na ipi ya kukimbia nayo hospitali. Jumatatu kuna mtihani kwenye kituo cha watoto kule Bugolobi. Wanatafuta msaidizi mmoja. Hawadai cheti, namshukuru Mungu. Wanauliza maswali kutoka ndani ya kitabu hicho tu, na atakayepita anaruhusiwa kuja kazini na mtoto wake mwenyewe. Mama, hebu isome tena sentensi hiyo. Maana kwa sasa Nangila analelewa chini ya kiti cha saluni, anacheza na nywele za watu asiowajua, na juzi nimevuta uzi wa rasta mdomoni mwake, nikavuta, nikavuta, mpaka mteja akaanza kusali.

Kitabu hicho madukani hakipo, nimezunguka. Kwenu kipo, nakala moja. Na sheria yenu mpya inasema hakuna kitabu kinachotoka bila kuagizwa kupitia katalogi ya mtandaoni. Ni maendeleo, na mimi nani niyapinge? Nina malalamiko machache tu.

1. Katalogi yenu inauliza jina kabla ya kuuliza uwezo.

Mwezi mzima, kila nilipofungua ukurasa wenu, nilipokewa na utepe mwekundu: "Kivinjari chako hakitambuliki. Baadhi ya huduma huenda zisipatikane." Baadhi! Nilichokuwa ninapata ni jina la kitabu, kitufe cha "Agiza", na weupe mwingi kama shuka la hospitali. Nikaja kumwona Bwana Cleopas, kijana wenu wa kompyuta, na lazima niseme alinipokea vizuri, hata mtoto alinishikia. Akanieleza polepole. Kwamba kivinjari ni ile programu ya simu inayofungua kurasa. Kwamba katalogi ina skripti, yaani maagizo madogo yanayoufanya ukurasa uchangamke na kujibu unapoubonyeza. Na kwamba skripti hiyo, kabla haijafanya kazi yoyote, inakiuliza kivinjari jina lake na toleo lake, kisha inatazama kwenye orodha.

"Chako hakimo, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Nikamuuliza, "Sasa hiki changu kinashindwa nini hasa?"

Akakuna kichwa. Akasema hajui, kwa kuwa hakijawahi kuruhusiwa kujaribu.

Mama Mkutubi, mimi ni Nasike Nyongesa, Mbukusu wa Kenya ninayeishi Kampala. Swali la jina ninalijua. Nimeulizwa na wenye nyumba za kupanga, nimeulizwa kwenye foleni ya zahanati, nimeulizwa na mteja ambaye kichwa chake kilikuwa tayari mikononi mwangu nusu kimesukwa. Watu wanataka kujua wewe ni wa wapi kabla hawajajua kama unaweza kusuka. Ila nilidhani ni tabia ya binadamu. Sikujua kwamba mmefanikiwa kuifundisha na kompyuta. Hongereni sana.

2. Nimeambiwa nisasishe.

Kila mtu kwenu ananiambia nisasishe. Wewe umeniambia, Bwana Cleopas ameniambia, askari wa getini ambaye simu yake ina tochi tu ameniambia, "Sasisha, mama, ni kitu kidogo." Nikabonyeza kusasisha. Simu ikanijibu kwa heshima kwamba kifaa hiki hakipokei tena masasisho. Imestaafu. Nikakuletea jibu hilo dawatini, nawe ukanishauri, kwa upole wako wa kawaida, nitafute simu mpya. Mama, mtu mwenye uwezo wa kununua simu ambayo katalogi yenu inaipenda hana haja ya kuazima kitabu cha bure. Inaelekea mmejenga maktaba ya maskini na kuweka mlango wa matajiri, na sasa mnashangaa kwa nini ndani kuna utulivu.

3. Mtoto amethibitisha kwamba simu yangu inaweza.

Nimechunguza Nangila alibonyeza nini. Kwenye kivinjari changu kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "Tovuti ya kompyuta". Ukikitia tiki, simu inajitambulisha kwa watu kuwa ni kompyuta. Basi hicho tu. Simu ni ile ile, kivinjari ni kile kile, kioo kina ufa ule ule unaokata bundi shingoni, na kila kitu kinafanya kazi. Vitabu vinatokea. Vitufe vinajibu. Kwa hiyo iliposema kweli ilifukuzwa, na ilipodanganya ikaletewa kiti na soda. Mimi ninalea mtoto, Mama. Nimfundishe lipi?

Na usidhani nalalamika bila kujua dawa. Dawa aliitaja Bwana Cleopas mwenyewe. Alisema ile orodha ya majina ingeondolewa, skripti ikijaribu jambo lenyewe: hili unaliweza? Unaliweza, haya, endelea. Huliwezi? Chukua ukurasa wa kawaida, wenye majina ya vitabu na kitufe kisicho na mbwembwe, uagize uende zako. Nilimwelewa mara moja. Kwanza posho, huo ugali wenu, na maharage vifike mezani kwa kila mtu, kachumbari iwafuate wenye meno.

"Ni kazi ya mchana mmoja," akasema.

"Mbona basi hujaifanya?"

Akatazama dirishani. Akaniambia kwamba kwa utaratibu mpya kila ombi la matengenezo lazima liingizwe kupitia katalogi, na kompyuta ya ofisini kwake ni ya zamani kidogo, na kivinjari chake, kwa bahati mbaya, hakimo kwenye orodha.

Nilimpa pole. Nilimwachia mtoto amshike tena kidogo.

4. Watu wanane.

Hapa naomba uketi. Unakumbuka siku nilipokuja dawatini mara ya kwanza kuulizia kitabu? Ulitazama kwenye skrini yako, ukashusha miwani, ukasema, "Mama Nangila, kitabu kipo, lakini kuna watu wanane mbele yako." Na kweli kilikuwepo. Nilikiona. Kilikuwa kwenye rafu nyuma ya bega lako la kushoto, cha bluu, kimesimama peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nikaomba nikisome hapo hapo, kwa kusimama, bila kukigusa sana. Ukasema haiwezekani, kimewekewa mwenyewe. "Wavumilie wenzako, nnyabo."

Nikawavumilia. Mama, sijui kama kuna mtu aliyewahi kuvumiliwa kama nilivyowavumilia watu hao. Nilikwenda nyumbani nikiwafikiria. Nilijiambia mmoja lazima ni mjane aliyeachiwa watoto wadogo, mwingine ni msichana mwenye mimba ya kwanza anayeogopa kama nilivyoogopa mimi. Kanisani niliwaombea. Baba Nangila nilipomwambia alicheka, "Watu wanane Kamwokya hii wanasoma kitabu cha kulea watoto? Mbona basi usiku hatulali kwa vilio vya majirani?" Nikamkemea. Nikamwambia aheshimu wasomaji.

Nikawa ninapita kila nikipata nafasi, na kila nikija unaniambia aliyewekewa hakuja, sasa anasubiriwa anayefuata, na kwamba kwa huruma ya maktaba asiyekuja hafutwi, anarudishwa mwisho wa foleni. "Watu wa siku hizi," ukasema ukitikisa kichwa, "wanaagiza halafu hawaonekani." Nami nikatikisa kichwa. Tulitikisa pamoja, wewe na mimi, tukiwasikitikia.

Leo, kwa mkono wa Nangila, nimeiona orodha yenyewe. Wa kwanza, Nasike Nyongesa. Wa pili, Nasike Nyongesa. Wa tatu, sitakuchosha. Wa nane ni Nasike Nyongesa. Na wa tisa, ambaye amewavumilia hao wote, ni mimi.

Kile kitufe cha "Agiza" kumbe kilikuwa kinafika kwenu muda wote. Ombi lilikwenda, jibu ndilo halikurudi, kwa kuwa skripti ya kuleta jibu ilikuwa imeninyima baada ya kunisoma jina. Nami nilipoona kimya nikabonyeza tena, kama mtu yeyote anayebisha hodi na haitikiwi. Kila kubisha kwangu mmekuhesabu mgeni mpya. Mjane ni mimi. Msichana wa mimba ya kwanza ni mimi. Wale wasioonekana, tuliowatikisia kichwa, walikuwa wamesimama mbele yako na mtoto mgongoni.

5. Nimetakiwa nithibitishe mimi ni yupi.

Nilipogundua hayo sikuandika barua kwanza, nilipiga simu dawatini, dakika chache zilizopita, nikicheka kwa furaha. Nikasema, "Mama Rosalba, yamekwisha, wa kwanza ni mimi, nakuja kuchukua." Ukaniuliza namba ya kuchukulia. Nikasema sina, kwa sababu namba hiyo huonyeshwa mara moja tu, pale unapobonyeza, nami nilionyeshwa weupe. Ukasema neno ambalo nitawasimulia wajukuu: "Majina kufanana ni kawaida, nnyabo. Juzi nimehudumia akina Sadik watatu. Sasa wewe ni Nasike yupi?"

Nilimtazama Nangila, naye alikuwa na uji kwenye nyusi.

6. Kwa kuwa sisi ni tisa.

Nimelifikiria jambo hili wakati namalizia kichwa cha mteja, na nimeona ubishi haufai. Kama maktaba inashikilia kwamba mbele yangu kuna watu wanane kamili, ambao haki zao haziwezi kuguswa, basi nazidai haki hizo zote. Naomba kila mmoja wetu apewe kadi ya uanachama. Naomba viti tisa vya plastiki kwenye chumba cha kusomea, karibu na dirisha, kwa kuwa baadhi yetu tunanyonyesha. Na naomba tualikwe kwenye mkutano wa mwaka wa wasomaji. Bwana Cleopas aliniambia mkutano uliopita walikuja watu sita, akiwemo askari na mtu aliyekuwa anakimbia mvua. Sisi ni tisa na tunakubaliana katika kila jambo. Tutachagua kamati yote kabla ya chai kupoa.

Azimio letu la kwanza litakuwa kuifuta orodha ya majina ya vivinjari. La pili, kitufe kikibonyezwa kiseme neno, hata "ngoja" tu. La tatu, Nangila Nyongesa ateuliwe kuwa mkuu wa kompyuta, kwa kuwa ndiye pekee katika mtaa huu aliyewahi kuifungua katalogi, na hakutumia cheti. Masharti yake ya kazi ni uji asubuhi, usingizi baada ya chakula cha mchana, na kutosumbuliwa akiwa analia. Nimeambiwa hayatofautiani sana na ya sasa. Bwana Cleopas abaki kama msaidizi wake, mtoto ameshamzoea.

Na Jumatatu tutakwenda Bugolobi sote tisa kufanya mtihani, bila kusoma, kwa kuwa kila mmoja atakuwa anamngoja mwenzake achukue kitabu kwanza.

Au, Mama Mkutubi, kama haya yote yanaonekana kuwa mazito, kuna njia fupi. Geuka. Nyoosha mkono wa kushoto. Kishushe. Mimi nitakuja kesho asubuhi kabla ya kufungua saluni, utanipa, nitakisoma Ijumaa, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu nikitoka kwenye mtihani nitapita moja kwa moja kukirudisha, bila doa la uji, naapa. Sisomi haraka. Ninasoma kwa kidole. Lakini nikishika kitu nimekishika, na nimekaa na mtoto huyu usiku ana homa nisijue kama ni ya kuikanda au ya kukimbia nayo, kwa hiyo ukurasa huo nitauanza wa kwanza, mtihani au hakuna mtihani.

Nifikishie salamu kwa Bwana Cleopas na kompyuta yake isiyotambulika, kwa afande wa getini, apumzike, kwa akina Sadik wote watatu, kwa bundi, na kwa wasomaji wanane walio mbele yangu. Waambie sina kinyongo nao tena.

Ni mimi, nikiwa nyuma yangu mwenyewe kwenye foleni yako, kwa heshima zote,

Nasike Nyongesa (Mama Nangila),
wa tisa, kama sikosei

Nyongeza: Mama, nimeisoma barua tena kabla ya kuikunja, na pale pa kutengeneza skripti naona msiharakishe. Hapa saluni kuna rafiki yangu Akwero, anasuka kiti cha pili. Akwero ana simu kama yangu, tulinunua siku moja kwa mtu mmoja, na tangu jana anaulizia sana habari za kituo cha Bugolobi. Yeye alifika sekondari. Ana mapacha. Sasa ukitazama vizuri, kuuliza jina si kosa kubwa kiasi hicho. Mlangoni lazima awepo wa kuuliza, la sivyo ataingia kila mtu. Orodha yenu imekaa vizuri, na ule utepe mwekundu kwa kweli unapendeza. Iacheni hivyo mpaka Jumatatu jioni, kisha Jumanne mtengeneze kwa haki ya simu zote, kama nilivyoeleza hapo juu kwa uchungu. Kile kisanduku cha tiki sijamwonyesha, na sioni kama ni lazima. Ingawa ni yeye aliyenishika mkono usiku ule wa kujifungua, akaimba vibaya mpaka nikacheka katikati ya uchungu, na mapacha wawili chini ya kiti ni nywele nyingi za kumeza, kwa hiyo labda mtengeneze Jumapili, au kesho jioni kidogo, au mimi mwenyewe nimwonyeshe kile kisandu... Ngoja, anaita. Yuko hapo mlangoni, ametoka kwako sasa hivi, anahema. Anasema, "Mama Nangila, acha kuandika, njoo! Kitabu kipo, nimekiona kwa macho, lakini Mama Rosalba anasema kuna watu tisa mbele yangu, hebu niambie, katika hao wewe unamjua hata mmoja?"